Kicheko cha Upande wa Kulia

Tarehe 9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza usumbufu. Sisi huku hatujambo. Wifi yako amepewa darasa linalogombana na hesabu zaidi ya la mwaka jana, jioni anarudi sauti imekauka, ananiomba chumvi kwa ishara. Mimi bado nasaga lenzi. Juzi alikuja mzee mmoja kulalamika kwamba miwani niliyomtengenezea inamwonyesha mke wake vizuri kupita kiasi. Nikamwambia hiyo si kasoro ya miwani.

Najua simu niliyokuletea umeifanya saa ya mezani, na kuongea huwezi kwa ajili ya masikio, kwa hiyo nimeshika kalamu. Nataka kununua spika. Usinicheke. Zile ndogo za kukaa kwenye rafu ya vitabu, mbili, za kusikiliza muziki hapa sebuleni. Tangu tuhamie nyumba hii nimekuwa nikisikiliza kwa kile kiredio changu cha zamani, na wifi yako anasema waimbaji wote wana mafua.

Duka liko ghorofani, juu ya wauza vitasa. Ni chumba kimoja kilichotandikwa mazulia hadi ukutani, kiti kimoja katikati, na spika zimepangwa mbele kama wanafunzi wanaosubiri kuadhibiwa. Mwenye duka zamani alikuwa fundi mitambo wa redio. Mimi namwita Bwana Sikio. Aliniambia, "Usichague kwa muziki wangu. Mimi najua nyimbo zinazoficha ubovu. Leta kitu unachokijua wewe."

Basi nikapeleka kaseti ya mama. Ile ambamo ananibembeleza ninapolia. Unajua ndiyo sauti yake pekee niliyo nayo.

Spika za kwanza zilikuwa kali, kila "s" ya mama ikawa kama kitu kinachokaangwa. Za pili zina mdundo mzito, mama akawa jimama linaloongea chumba cha pili. Za tatu hazina sura, maboksi mawili ya mbao yenye kitambaa kama gunia. Lakini nilipofumba macho, Dada, mama alikuwa amesimama mbele yangu, kati ya spika mbili, mahali ambapo hapana kitu ila ukuta. Nikafumbua macho kwa haraka kama mtoto. Bwana Sikio akasema hivyo ndivyo spika nzuri zinavyofanya: zikipangwa sawasawa, sauti inatoka pasipo na spika.

Kisha akaniuliza, "Hawa watoto ni mapacha?"

"Watoto gani? Mtoto ni mmoja, na ni mimi."

"Mmoja analia hapa kushoto," akasema. "Mwingine anacheka hapa kulia."

Tukarudia. Ni kweli, kuna kicheko. Kidogo, cha mtoto wa kubebwa aliyeshiba, kama anayejua anachokicheka. Miaka yote hii sikuwahi kukisikia. Ni nani huyo alikuwa anacheka? Niambie, maana Bwana Sikio ananitania kwamba sijui hata tulizaliwa wangapi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, kiwandani tulikuwa na ukaguzi. Siku hizi sikai tena kwenye mashine, nimewekwa meza ya kukagua vitambaa, kazi ya macho. Msimamizi anasema mimi ndiye mkaguzi bora kwa sababu sisikii umbea. Goti linaendelea, si vibaya. Mpangaji mwenzangu, yule mshona viatu, amepata mjukuu. Anamleta hapa nimshike, kisha ananichungulia midomo kuona kama nimefurahi.

Mwambie wifi anywe maji ya uvuguvugu, asipige kelele. Watoto wanaogopa zaidi mwalimu anayenong'ona.

Kuhusu hizo spika, chukua zile za pili, zenye mdundo. Mtu anayefanya kazi siku nzima anataka muziki wa kumchangamsha, si wa kumfumba macho. Hizo za tatu nimezichukia kabla sijaziona.

Na ile kaseti ni ya zamani sana, mwisho itakatika. Nitumie nikuhifadhie.

Nakutakia heri wewe na mkeo.

Dada yako


Tarehe 10 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu wa jirani. Huku tuna afya, ila maji ya bomba yanatoka yakitaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu la swali langu, sikuliona. Umeniambia habari za goti, za umbea na za mjukuu wa mtu. Halafu wewe, ambaye husikii hata king'ora cha kiwanda, unataka kaseti. Utaifanyia nini, Dada? Utaiangalia?

Spika nimechukua za tatu. Bwana Sikio kanipa nikazijaribu nyumbani, pamoja na mashine yake ya kuchezea kaseti, nikiridhika ndipo tukamilishe. Alikuja mwenyewe kuzipanga. Akazivuta mbele ya ukuta, akazilinganisha na masikio yangu, akaninyanyua na kiti changu mpaka akaona nimekaa sawa. Wifi yako akamwuliza kama na sisi tutaruhusiwa kusogea.

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaweka kaseti. Kiredio kile kilikuwa kinameza mwanzo na mwisho wa maneno. Miaka yote nimesikia mama akiniambia "lala, mwanangu." Dada, hasemi hivyo. Anasema "lalani." Anasema "lalani, wanangu." Anarudia tena, polepole, na katikati anasubiri, kama mtu anayempa kila mmoja zamu yake.

Alikuwa anawaambia akina nani?

Kitinda


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima.

Alikuwa anatuambia mimi na wewe. Basi.

Rudisha hizo spika.

Dada yako


Tarehe 1 Mei

Dada,

Shikamoo. Wifi yako anakusalimu, na sauti yake imerudi. Amefuata ushauri wako, sasa ananong'ona, na darasa zima linatetemeka.

Dada, usikasirike, lakini wewe mwenyewe umo kwenye kaseti. Zamani nilidhani ni mlango unalia, kumbe ni wewe unaingia. Unauliza kibiriti kiko wapi. Mama anakujibu, "Wewe nenda jikoni, kiko dirishani." Nasikia nyayo zako zikiondoka, na mlango unafungwa. Kisha mama anageuka na kusema, "Haya, lalani sasa." Kwa hiyo hakuwa anakuambia wewe. Na mimi nilikuwa mmoja.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sijamwambia Bwana Sikio, maana ni mtu wa vyombo, atafikiri nimeharibu kitu.

Nilitaka kujua kama kicheko kimo kwenye kaseti au ni kasoro ya spika. Nikafanya anavyofanya fundi yeyote: nikabadilisha waya, wa kushoto ukaenda kulia, na wa kulia kushoto. Mama akabaki katikati, na kilio changu kikahama upande, sawasawa kama inavyotakiwa. Kicheko hakikuhama. Nikahamisha na maboksi yenyewe. Bado kikabaki kulia. Mwisho nikageuza kiti, nikazipa spika mgongo. Sasa kulia kwangu ni upande wa dirisha, ambako hakuna chombo chochote, ni pazia na kile kiti cha wifi yako cha kusahihishia madaftari. Kicheko kikaja hapo, usawa wa bega langu.

Ilikuwa saa nane mchana, Dada. Jua limejaa sebuleni, jirani anafua.

Wifi yako alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani mkononi. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Hakitoki kwenye spika. Kinatoka hapo ulipokaa." Tangu siku hiyo anasahihishia madaftari chumbani, na kile kiti hakalii.

Siogopi sana. Hiyo ndiyo inayonishangaza. Nikikisikia napata usingizi.

Mimi ni mtu mzima. Chochote ulichonificha, niambie.

Kitinda


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Mimi sijambo, na nyote wa hapo nawaombea afya. Kazini wamepaka kuta rangi ya kijani, inaumiza macho. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Mshona viatu amedhani nina mchumba.

Mlizaliwa wawili. Wewe ndiye uliyetoka kwanza, mwenzako akakufuata. Kwa hiyo hata hilo jina la Kitinda tulikupa wewe kwa sababu mwenyewe, yule wa mwisho, alikuwa ameondoka. Alifariki usingizini akiwa na miezi mitatu, bila homa, bila kilio. Mama alipowaamsha, uliamka peke yako.

Mama alikuwa amezoea kuwalaza pamoja, wewe kushoto, mwenzako kulia kwako, na baada ya msiba akaendelea kuacha ile nafasi. Akitandika, anatandika ya wawili. Akiwaogesha, anabadilisha maji mara mbili. Mwanzoni watu walisema ni uchungu, utapita. Haukupita. Ukaanza kutambaa, na mama akawa anamkemea mwenzako asikuvute miguu. Ukaanza kusimama, akawa anatusimulia jinsi mwenzako alivyoanguka.

Siku moja Baba aliweka redio kaseti juu ya kabati, ile kubwa yenye maiki mbili, akabonyeza, akatuaga kwamba anakwenda kwa kinyozi. Mimi nilikuwa barazani, nilimwona. Hakwenda kwa kinyozi. Alikaa nyuma ya nyumba mpaka kaseti ikaisha. Ndiyo hiyo uliyo nayo. Hukurekodiwa ukibembelezwa, mdogo wangu. Alirekodiwa mama, ili daktari asikie. Na daktari alisikia mtoto mmoja analia, na mwanamke anawabembeleza wawili. Mama akachukuliwa. Alifia hukohuko hospitalini, kabla wewe hujajua kuuliza yuko wapi. Baba akatuambia tuseme homa. Tukasema homa, na Baba naye akaenda na neno hilo hilo kaburini.

Ulipokua ukaikuta kaseti kwenye vitu vya Baba, ukaipenda. Ningewezaje kukuambia?

Nilidhani nikikueleza haya ndiyo mwisho wa hofu yangu. Lakini umeandika kicheko. Siku ile, nilipokwisha kutoka na kibiriti, ndani mlikuwa wewe na mama tu. Majirani hawakuwa na mtoto. Na mtoto wa miezi mitatu hacheki hivyo unavyonieleza, kwa kushiba, kwa kujua anachokicheka. Wewe wakati ule ulikuwa unakaribia kutembea. Kama kicheko ni cha mtoto wa umri wako, basi alikuwa anakua pamoja na wewe.

Maana yake mama hakuwa mgonjwa. Mama alikuwa anasikia.

Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja. Usirudishe spika, na kaseti usiiguse mpaka nifike. Najua sitasikia kitu. Nataka nikae upande wake.

Dada yako


Tarehe 14 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na goti halikukusumbua safarini. Wifi yako anakushukuru kwa kile kitambaa, tayari amekikata gauni, na analisifia mbele ya walimu wenzake kana kwamba alikifuma mwenyewe.

Spika nimezinunua. Bwana Sikio aliniuliza, "Umezionaje nyumbani?" Nikamwambia zinasema kila kitu. Akafurahi, akanipa na waya mpya.

Tangu uondoke nimekuwa nikitaka kuandika, nikaona labda utaanza wewe. Hujaanza. Basi acha nieleze nilichokiona, uniambie kama nimeona vibaya.

Ulikaa kwenye kiti cha kulia, mimi kwenye changu, ukaweka kiganja juu ya boksi la spika. Mama alipoanza nilikuona unafuata mtetemo kwa vidole, ukaitikia kwa kichwa, ukasema, "Huyu ni mama, anapumua hapa." Nilikuwa nimekuahidi kukugusa mkono kitakapofika kile kicheko. Sikuwahi kukugusa, Dada. Kabla sijanyanyua mkono uligeuza kichwa. Hukugeuka kwenye spika. Uligeukia ile nafasi kati ya kiti chako na changu, ukaangalia chini, usawa wa goti. Ukasema, "Kumbe umefanana naye." Nikadhani unaniambia mimi. Lakini mimi hukunitazama.

Ukalia, ukacheka, ukamwomba wifi chai. Hatukuuliza. Tuliona umefurahi kuliko tulivyowahi kukuona, na mtu hamkatizi mgeni wake furaha.

Asubuhi ya kuondoka nilikubebea mzigo mpaka nje. Wewe ulikuja nyuma, ukafungua mlango, ukatoka, halafu ukabaki umeushikilia wazi. Muda mrefu. Kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize kuvaa viatu. Wifi yako aliona kutoka dirishani. Kisha ukaufunga taratibu sana, ukiangalia usibane kitu.

Tangu siku hiyo hakuna kicheko. Nimeweka kaseti Jumapili zote. Mama yupo, anasema "lalani", mimi nalia, wewe unauliza kibiriti, na upande wa kulia ni kimya. Nimejaribu kugeuza kiti. Nimejaribu kukaa sakafuni. Nilifika mahali nikaita, Dada, mimi mwenye mvi hizi, nikaita sebuleni kwangu mchana kweupe.

Nimekaa naye miezi michache tu, na sikujua ni nani mpaka uliponiambia. Mwenzangu alikuwa hapa, kwenye bega langu. Sasa bega hili nalihisi kama nguo iliyochanika upande mmoja.

Niambie ukweli. Kuna nini huko kwako?

Mdogo wako


Tarehe 25 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Tulifika salama. Safari ilikuwa ya vumbi lakini dirisha lilikuwa upande wetu, kwa hiyo hatukuchoka.

Habari za hapa ni njema. Mshona viatu anamfundisha mjukuu wake kukaa, naye anaanguka kila akitazamwa. Kiwandani ile rangi ya kijani nimeizoea. Gauni la wifi nalingoja kwa picha.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikwenda kwanza kwa daktari wa masikio. Usidhani nimelazimishwa, nilijipeleka. Ni kijana mpole, anaandika maswali yake kwenye karatasi kubwa. Nikamwambia kwamba bado sisikii gari, sisikii king'ora, sisikii mtu akigonga mlango, lakini nasikia kitu kimoja. Akaandika kwamba ni kawaida, masikio yaliyokosa kazi hujitengenezea sauti yenyewe: wengine husikia mluzi, wengine maji, wengine nyuki. Nikamwuliza kama yanaweza pia kutengeneza kicheko. Akacheka yeye. Kisha akanitazama vizuri, akaacha. Akaandika, "Kinakusumbua?"

Nikamwandikia: hapana.

Akataka kujua huwa kinakuja wakati gani. Nikamwambia nikipika, nikiosha miguu, nikitandika kitanda, hasa nikitandika. Sikumwambia kwamba hakibaki vilevile. Ulinieleza kicheko cha mtoto wa kubebwa. Hiki cha hapa kimeshapata meno. Juma hili kimeanza kukatika katikati, kama cha mtoto anayetaka kusema kitu na neno bado halijatoka. Nadhani huko kwako kaseti ilikuwa inamrudisha kila mara pale pale, siku ile ile, na hapa hakuna kaseti ya kumrudisha.

Daktari kaniandikia vidonge vya kuzima sauti. Nimepita mbele ya duka la dawa kila siku nikienda kazini, na sijaingia. Sitaingia. Mama hakuwa na nafasi ya kukataa. Mimi ninayo.

Najua umeumia. Ulikuwa naye kabla hujazaliwa, haki ni yako, wala sikubishii. Lakini wewe una mkeo anayekunong'oneza, una muziki wako, una wateja wanaokusimulia mambo ya wake zao. Mimi nimekaa kwenye ukimya tangu mashine zile za kiwandani zilipomaliza masikio yangu. Watu wakinijia wananionyesha midomo kama samaki. Huyu haonyeshi midomo. Huyu namsikia.

Hakunilazimisha kuja naye. Pale mlangoni nilimwuliza, akatoka mwenyewe.

Usinijibu kwa hasira. Mwambie wifi akirudishe kiti chake dirishani, akae, asahihishe kwa amani. Na mkiwa na likizo, njooni mnitembelee, chumba ni kidogo lakini tutabanana. Nitafurahi sana kukuona.

Ila kaseti iache huko.

Dada yako